UR5e: mkono wa roboti unaohisi kwenye kifundo, si kwenye vidole

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtasoma aya mbili na kuondoka. Kama kazi yenu ni kuingiza kitu kigumu ndani ya tundu gumu, kupiga msasa, kufunga skrubu, au kupanga katoni zisizolingana kimo, UR5e ni mashine nzuri sana na ningeshauri inunuliwe tena hata kesho. Kama kazi yenu ni kushika vitu laini, mifuko ya plastiki, nguo au nyanya, msiinunue kwa sababu tu mmesikia kwamba inahisi. Inahisi kweli. Lakini inahisi kwenye kifundo cha mkono, na kifundo hakijui mengi ambayo ncha ya kidole inayajua.

Mimi ni fundi mitambo, mzaliwa wa Tanga, nimesomea Dar, na sasa niko kisiwa cha Fyn huku Denmark. Kiwanda chetu ni kidogo. Tunaunganisha pampu za maji za ukubwa wa kati na kuuza vipuri vyake. Mji wa jirani ni Odense, na huko ndiko kampuni ya Universal Robots ilikoanzishwa mwaka 2005 na Esben Østergaard, Kasper Støy na Kristian Kassow, waliotoka Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark. Mkono wao wa kwanza, UR5, uliuzwa mwaka 2008, na mwaka 2015 kampuni ya Teradyne ya Marekani ikawanunua kwa dola milioni 285. Nayataja haya kwa sababu huku roboti si jambo la maonyesho. Ni chombo cha karakana, na watu wanakijadili wakiwa na mafuta mikononi.

Herufi "e" mwishoni mwa jina ndiyo habari yenyewe. UR5 ya zamani haikuwa na sensa ya nguvu. Ilikuwa inakisia kwa kupima umeme ambao mota zake zinakula: mota ikilazimika kula zaidi ya ilivyotarajiwa, programu inajua kuna kitu kinazuia njia. Makisio hayo yanatosha kusimamisha mkono uliomgonga mtu begani. Hayatoshi kwa kazi ya kupapasa. Mwaka 2018 likaja toleo la e, na ndani yake wakaweka sensa ya nguvu na msokoto pale mwisho kabisa wa mkono, kwenye flanji ambapo unafunga kifaa cha kushikia. Vipimo vyake ni hivi: inapima nguvu hadi nyutoni 50 kila upande, na namba inayokupa inaweza kucheza kwa nyutoni 3.5. Msokoto inapima hadi nyutonimita 10, na huko inacheza kwa 0.2. Mkono wote una uzito wa kilo 20.6, unabeba kilo 5, unafika milimita 850, na ukiuambia urudi mahali ulipokuwa unarudi kwa tofauti ya milimita 0.03.

Hiyo 3.5 ikae kichwani. Ni sawa na uzito wa gramu 350 hivi. Mguso wowote ulio mwepesi kuliko huo, mkono huu hauwezi kuuamini. Muuzaji atakuonesha video ya roboti inayogusa puto bila kulipasua, nawe utadhani ina ngozi. Haina. Aliyewahi kuendesha mtumbwi kwa upondo ataelewa upesi: upondo unakwambia chini kuna mchanga, tope au jiwe, unakwambia kina kimepungua, unakwambia umekwama upande gani. Haukwambii umemgusa samaki. UR5e inahisi dunia kwa upondo, na kazi nyingi za kiwandani, ukizitazama vizuri, hazihitaji zaidi ya upondo.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa bushi. Kila bodi ya pampu ina tundu ambamo bushi ya bronzi, yaani pete nene ambayo shafti huzungukia ndani yake, lazima iingie kabla ya shafti. Nafasi kati ya bushi na tundu ni ndogo kuliko unene wa unywele. Bodi zenyewe zinafika mezani kwenye trei, na trei haikai mahali pamoja. Leo imesogea nusu milimita huku, kesho kule. Roboti isiyohisi, hata ingekuwa sahihi namna gani, itaipeleka bushi pale pale ilipofundishwa, na tundu halipo pale. Itaikandamiza kwenye ukingo mpaka kitu kivunjike. Suluhisho la zamani lilikuwa kutengeneza vibanio vya gharama kubwa vinavyoikamata bodi isisogee hata kidogo, na kila ukibadilisha aina ya pampu unatengeneza vingine.

Kwa mguso, unafanya tofauti. Unauambia mkono ushuke polepole, milimita 10 kwa sekunde, mpaka uguse. Ukishagusa, unabadilisha amri: kwenye mwelekeo wa juu na chini uache kujali uko wapi, ujali tu kwamba unasukuma kwa nyutoni 8; lakini kushoto, kulia, mbele na nyuma uendelee kufuata njia uliyoupa. Hapo unazunguka kwa duara linalopanuka, bushi ikiteleza juu ya chuma, hadi inadumbukia kidogo. Mkono unaona kimo kimeshuka ghafla ilhali nguvu haijaongezeka, basi unajua tundu ni hapa. Kugawa huku, kwamba upande huu utii nguvu na upande ule utii nafasi, ndiko ninakokuita akili ya mashine hii. Na si lazima uandike programu kwa lugha ngumu. Tableti yake ya kuongozea yenye skrini ya inchi 12 ina vitufe vya hayo yote, na fundi aliyezoea mashine za CNC, zile za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, atayaelewa kwa siku chache.

Lakini duara linalopanuka ni njia ya asiyeujua mwili wa kitu. Ilifanya kazi, ila taratibu, na mara nyingine bushi ilikuwa inaingia upande na kukwama. Kazi hii kabla ya roboti ilikuwa ya mama mmoja wa Kidenmark ambaye amekaa kwenye benchi lile tangu mimi sijafika nchi hii. Yeye bushi hazikumkwamia. Nikamwendea wakati wa kahawa nikamwomba anioneshe afanyavyo. Akasema hafanyi chochote, anaingiza tu. Nikamwomba basi aingize huku amefumba macho, polepole, nami nitazame vidole.

Kilichotokea kilinifundisha kuliko kitabu chochote cha roboti. Hakuileta bushi ikiwa imesimama wima. Aliileta imeinama kidogo kumwelekea, mdomo mmoja ukiwa chini kuliko mwingine. Akaugusisha ule mdomo wa chini ndani kidogo ya ukingo wa mbali, akaivuta bushi kuja kwake mpaka ikagonga ukuta wa tundu, ndipo akaisimamisha huku dole gumba likikandamiza na kifundo kikisokota kushoto na kulia, kidogo sana, kama hakitaki. Ikazama. Yote kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Sababu yake ni ya jiometri tupu: kitu cha mviringo kikiinama, sehemu inayotangulia ni nyembamba kuliko tundu, kwa hiyo kinaingia hata kama umekosea kwa milimita nzima. Kikija wima, kosa dogo tu kinakaa juu ya ukingo.

Tukaitupa programu ya duara tukaandika ya kuinamisha. Digrii chache za mwinamo, mguso wa kwanza, mvuto mpaka nguvu ya upande ifike nyutoni 10, kusimama, kisha kushuka kwa msokoto mdogo wa kwenda na kurudi. Hapo ndipo sensa ya msokoto ilipoonesha thamani yake. Bushi ikianza kukwama, inashikwa na tundu mahali pawili kwa mshazari, na ukisukuma zaidi unazidi kuikaza. Mkono unasoma kwamba kuna msokoto umezidi upande fulani, unalegeza, unainamia upande wa pili, unajaribu tena. Mtu hufanya hivyo bila kufikiri. Sasa mashine inafanya kwa namba, na namba zile zilitoka kwenye vidole vya yule mama. Jina lake lipo juu ya programu hiyo kwenye tableti, nami nilisisitiza liandikwe.

Faida nyingine hatukuitegemea. Kila bushi inayoingia inaacha grafu: nguvu ngapi kwa kila kina. Bushi nzuri inapanda taratibu na mwisho inasimama wima kwenye nyutoni 40 ikigusa kitako cha tundu. Ikisimama mapema, kuna ukucha wa chuma umebaki ndani ya tundu tangu kwenye kuchonga. Ikiingia bila kupata upinzani wowote, bushi ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Zamani mambo haya tuliyagundua pampu ikishavuja kwa mteja. Kwangu mimi, grafu hii peke yake inalipia sehemu kubwa ya mashine, na ni ajabu wauzaji hawaitaji.

Kazi ya pili, msasa, nitaipitia haraka kwa sababu imekwenda vizuri na haina simulizi. Kingo za bodi za alumini zinalainishwa kwa diski ya msasa inayozunguka, mkono ukisukuma kwa nyutoni 15 muda wote hata ukingo ukiwa na mawimbi. Uso unatoka sawasawa kuliko wa mkono wa mtu aliyechoka saa nane mchana. Tatizo ni moja: msasa ukiisha makali, nguvu inabaki ile ile 15 na mkono unaendelea kusugua kwa bidii bila kukata kitu. Mtu angesikia sauti imebadilika. Sisi tunabadilisha diski kwa kuhesabu bodi, iwe imeisha au haijaisha, na diski nzuri nyingi zinatupwa kabla ya wakati. Naona uchungu kila nikizikusanya.

Sasa kufungasha na kusafirisha. Pale tuna UR10e, ndugu mkubwa wa ukoo huo huo, anayebeba kilo 12.5 na kufika milimita 1300. Kazi yake ni kupanga katoni za pampu juu ya paleti. Mtu anaweza kuuliza mguso wa nini kwenye kupanga maboksi. Karatasi ya katoni hunywa unyevu, na Fyn kuna unyevu wa kutosha. Safu ya chini ikilemewa inabonyea milimita kadhaa, na ukifika safu ya nne huwezi kujua kimo halisi kwa hesabu. Roboti isiyohisi itaiachia katoni hewani idondoke, au itaikandamiza ile ya chini. Hii inashuka mpaka iguse, inathibitisha uzito umepokelewa na safu ya chini, ndipo inaachia. Tena unaweza kuifanya isogeze katoni ubavuni mpaka iguse jirani yake, paleti ikakaa imebana bila mapengo. Lori likikata kona, mzigo hautembei. Dereva mmoja wa Kipolandi anayetuchukulia mizigo alilitambua kabla hatujamwambia kitu.

Vipuri vidogo ndivyo vilivyotushinda. Oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji), sili na skrubu zinauzwa kwenye mifuko ya plastiki, na mteja huagiza mifuko mitatu ya aina hii na miwili ya aina ile. Tulijaribu kuufundisha mkono kuchopoa mfuko mmoja kutoka kwenye boksi lililojaa mifuko. Vidole vikifunga, mfuko unateleza, na kifundo hakina habari. Mfuko wa oringi una uzito wa gramu chache. Kwa sensa inayocheza gramu 350, kuushika na kuukosa ni kitu kimoja. Mnyonyo wa hewa unasaidia kama plastiki imenyooka, nayo hainyooki. Baada ya majaribio ya kutosha nilimwambia meneja kazi hiyo ibaki kwa watu, na imebaki. Nikitoa nyota, kwa kuingiza na kupanga ninaupa mkono huu nne na nusu kati ya tano. Kwa vitu laini moja, na hiyo moja ni kwa sababu unasimama bila kuvunja kitu.

Wapo wanaolifukuzia tatizo hilo, na inafaa kuwajua kabla hujadhani dunia nzima imekwamia tulipokwama sisi. Mei 2025, huko Dortmund Ujerumani, Amazon walionesha roboti yao iitwayo Vulcan, wanayoieleza kuwa ya kwanza kwao yenye hisi ya mguso, ikifanya kazi kwenye maghala yao ya Spokane, Marekani, na Hamburg. Ghala lao limejaa rafu za kitambaa zenye vyumba vidogo, kila chumba kimejaa vitu vya kila aina. Mkono wa Vulcan una kipande kama rula kinachosukuma vitu pembeni, sensa ikipima unasukuma kwa nguvu gani, kisha mikanda midogo inakisokomeza kitu kipya kwenye nafasi iliyopatikana. Wenyewe wanasema inaweza kushughulikia takriban asilimia 75 ya aina za bidhaa zao, na wameipa hasa vyumba vya juu kabisa na vya chini kabisa, ambavyo humlazimu mtu kupanda ngazi au kuinama. Nilipenda walivyotamka asilimia hiyo waziwazi. Kampuni yenye maghala makubwa namna ile inakubali kwamba robo nzima inabaki kwa mikono ya watu; muuzaji anayekuahidi kila kitu muulize amewapita vipi.

Njia nyingine ni kuweka hisi kwenye ncha ya kidole chenyewe. Katika chuo cha MIT huko Marekani, Edward Adelson na wenzake walionesha mwaka 2009 kitu kinachoitwa GelSight: kipande cha jeli laini kilichopakwa rangi usoni, nyuma yake taa na kamera ndogo. Kidole kikigusa, jeli inabonyea, na kamera inaona umbo la kitu kilichoibonyeza, hadi michirizi myembamba kabisa. Kwa kazi kama mifuko yetu, nadhani njia hiyo ndiyo itakayofika. Ila jeli inachakaa, na kiwandani kwetu kuna mafuta na vumbi la alumini. Kuna kipimo kimoja kinachonisaidia kuwa na subira: watafiti wa Sweden, Roland Johansson na Åke Vallbo, walikadiria mwaka 1979 kwamba ngozi ya kiganja kimoja na vidole vyake ina vihisi vya mguso 17,000 hivi. UR5e ina sensa moja ya mguso. Kuufananisha mkono huu na mkono wa mama yetu wa bushi si kumtendea haki yeye, wala si kuitendea haki mashine.

Nisemee ufungaji, maana hapo ndipo pesa yetu ilipopotea. Hatukuufunga wenyewe. Tulimlipa wakala, simtaji, na kazi aliyotukabidhi ilikuwa na dosari mbili ambazo kila mnunuzi anapaswa kuzikagua kabla ya kusaini. Ya kwanza, uzito wa kifaa cha kushikia ulioandikwa kwenye mipangilio haukuwa uzito wake wa kweli, na kitovu cha uzito kilikuwa kimeachwa kwenye sifuri. Mkono unaodhani umebeba gramu 600 kumbe umebeba kilo nzima utahisi muda wote kwamba kuna kitu kinauvuta chini. Ya pili, mpira wa kupitishia hewa ulikuwa umefungwa umekazwa kwenye kiwiko. Kila mkono ulipogeuka, mpira ulivuta kifundo, sensa ikasoma mvuto huo kama mguso, na mkono ukasimama hewani ukiwa haujagusa kitu. Wiki nzima watu walikuwa wanailaumu sensa. Tulipopima kifaa kwenye mizani, tukaandika namba za kweli na kuulegeza mpira kwa kitanzi kirefu, lawama zikaisha. Wakala alitutoza kwa kila safari aliyokuja kutazama, pamoja na ile aliyosema sensa imekufa.

Pia mfundishe kila atakayeugusa mkono kuirudisha sensa kwenye sifuri kabla ya mguso, mkono ukiwa hewani na umetulia. Kuna amri yake kwenye programu. Sensa yoyote ya namna hii huhama kidogo joto likibadilika, na karakana yetu Januari asubuhi si karakana ile ile ya saa sita. Sisi tumeiweka amri hiyo mwanzoni mwa kila mzunguko.

Usalama. Watu wakisikia roboti inahisi, wanaiondolea uzio na kukaa nayo. UR5e imetengenezwa kwa ajili hiyo na ina kazi 17 za usalama unazoweza kuzipangilia. Hata hivyo, kugundua mgongano na kutokuumiza ni vitu viwili. Waraka wa kimataifa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016 unataja kwamba mkono na vidole vya mtu vikibanwa, kikomo ni nyutoni 140, na uso ni 65 tu. Namba hizo zinapungua maana mara kifaa chako kikiwa na ncha. Bushi ya bronzi yenye ukingo mkali ikisukumwa kwa nyutoni 40 inakata ngozi, na mkono hautaona kosa lolote, kwa sababu 40 ndiyo uliyouambia. Tumeweka kinga ya plastiki kuzunguka vidole na kamera ya mwanga inayoupunguzia mkono mwendo mtu akikaribia. Ukiona mtu anauza mkono huu kwa kuweka kichwa chake mbele yake, mwambie aufunge kisu kwanza ndipo aweke kichwa.

Na watu je? Hili sitalikwepa, kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na ndugu zangu. Yule mama alikuwa na maumivu ya dole gumba na bega yaliyomfanya alale na dawa. Sasa anakagua grafu, anafundisha wageni, na ndiye anayeamua aina mpya ya pampu iingie kwenye roboti au isubiri. Hajapunguziwa mshahara. Upande wa pili, kulikuwa na kijana wa mkataba aliyekuwa akimsaidia. Mkataba wake ulipoisha, nafasi haikujazwa. Hayo mawili yametokea kwenye benchi moja. Ninafurahi kwa la kwanza, na la pili nililisema kwenye kikao cha wafanyakazi na nitaendelea kulisema, kwa sababu faida ya grafu zile ingeweza kumlipa yeye ajifunze kuendesha mkono.

Mwezi uliopita nilimpigia mzee wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar, fundi aliyenishika mkono nilipokuwa mwanafunzi. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, akaniambia ameona mikono hii kwenye simu ya mjukuu.

"Inataka umeme wa njia tatu?" akauliza.

"Hapana mzee, wa kawaida wa ukutani unatosha. Hata ukishuka hadi volti 100 inavumilia. Ila umeme ukikatika ghafla, breki zinashika na kazi iliyokuwa mkononi inabaki hapo hapo. Utaanza upya."

"Na bei?"

Nikamwambia ukweli. Mkono peke yake ni makumi ya maelfu ya euro, na ukishaongeza kifaa cha kushikia, meza, mafunzo na fundi wa kuufunga, bei inakaribia kuwa maradufu. Kwa karakana ya watu watano inayotengeneza kitu tofauti kila siku, hauwezi kurudisha pesa yake. Kwa kiwanda kinachoingiza kitu kile kile mamia ya mara kwa siku, na kuna viwanda vya namna hiyo Dar, Nairobi na Mombasa, hesabu ianze kwenye bidhaa zinazorudishwa na wateja na siku ambazo mafundi wanaugua, kabla ya kufika kwenye mishahara. Na kabla ya hapo, kijana yeyote mwenye intaneti anaweza kupitia masomo ya bure ya Universal Robots mtandaoni, yenye mkono wa kuigiza kwenye skrini, bila kununua hata skrubu. Mjukuu wake ameshaanza.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna mnunuzi wa huku amewahi kuniuliza: je, mkono huo unaweza kuhisi tofauti ya bushi mpya na ile iliyochongwa upya mtaani? Nikamjibu kwamba kwa vidole hauwezi, lakini kwa grafu ya kuingiza nadhani unaweza, kama tofauti ya kipimo inatosha kubadilisha nguvu kwa zaidi ya hizo nyutoni 3.5. Tumekubaliana atume chache za kila aina kwa mtu anayekuja Copenhagen. Meneja amenipa ruhusa ya benchi baada ya zamu, na grafu zake nitaziweka hapa pamoja na za bushi zetu.